Alama ya Rangi ya Kucha

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba dawa ilipanda polepole.

Siku zote dawa ya Bosi iliingia kwenye bomba kama maji. Unavuta kidogo tu, imeshafika kwenye alama. Asubuhi ile ya Jumamosi alichomeka mdomo wa bomba kwenye chupa mpya, akavuta, na dawa ikaja ikijikokota, nzito, kama uji uliolala. Rangi ilikuwa ile ile ya waridi. Harufu ilikuwa ile ile, ya ndizi ambayo haijawahi kuwa ndizi. Ni huko kupanda tu. Aliliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama ile alama nyekundu, akaona dawa imeifikia sawasawa. Basi akampa mtoto.

Alama yenyewe ilikuwa ya rangi ya kucha. Dada yake ndiye aliyeipaka, kwenye mabomba yote ya plastiki ya kupimia dawa, yale yasiyo na sindano, kwa sababu namba zake zilikuwa ndogo na zilifutika kwa kuoshwa. Na kwa sababu nyingine ambayo hakuitaja, kwamba mdogo wake alitoka shule darasa la nne, na namba zenye nukta katikati hakuzifikia. "Usihangaike na namba, mdogo wangu," alimwambia. "Ukifika kwenye nyekundu, simama, kama gari."

Huyo mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa, na pale nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Dada alimwita Mama Mdogo kwa niaba ya mtoto, shemeji akafuata, mwisho hata muuguzi wa kliniki akawa anaita "Mama Mdogo" mlangoni, naye anainuka kwenye benchi bila kuuliza ni yupi anayeitwa. Alikuja kusaidia mwezi mmoja. Mwezi huo sasa ulikuwa na miaka miwili.

Hakuwa mtu wa maneno. Shemeji yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba matairi na starehe yake ilikuwa kutania watu, alisema wa kulaumiwa ni mkewe. Fundi cherehani gani huyo, anamshona mdogo wake mdomo, halafu anasahau kuacha hata tundu la kifungo?

Na Bosi aliitwa Bosi kwa sababu nyumba nzima ilikula, ikaoga na ikalala kwa ratiba yake. Alikuwa na miaka mitano. Hakukaa, hakusema, shingo yake haikuweza kubeba kichwa. Chakula chake kilipita kwenye mrija uliochomekwa juu kidogo ya kitovu, mara tano kwa siku, taratibu, la sivyo kinarudi. Kila baada ya saa mbili alitakiwa kugeuzwa ubavu. Makohozi yakimkaba, yalitakiwa kuvutwa kwa pampu ya mkono kabla midomo haijageuka rangi. Na kifafa kilikuwa jirani asiyebisha hodi. Dawa ya kukizuia ilitolewa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, bila kuchelewa.

Lakini Bosi alijua kucheka. Alichochekea ni karatasi. Kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa, ukikisugua karibu na sikio lake, kililia kwa namna iliyomtekenya mpaka miguu inyooke. Kwa hiyo ilikuwa sheria ya nyumba kwamba boksi likifunguliwa, chupa inaenda kwenye rafu, na boksi na karatasi yake ni mali ya Bosi, vinawekwa kwenye kikapu chake cha kitandani. Hakuna aliyesoma boksi. Dawa ilikuwa ile ile mwaka wa tatu sasa. Nani anasoma barua anayoijua kwa moyo?

Jumamosi ile, kwenye ubavu wa boksi palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu. Mama Mdogo aliyaona. Maandishi ya mashine aliyamudu, silabi kwa silabi, akijipa muda, lakini mwandiko wa mkono wa watu wa dawa ulikuwa kama uzi uliofumuka. Angeweza kumwuliza dada. Dada alikuwa palepale, amelala kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Usingizi ulimkamata akijiandaa kwenda kazini. Mama Mdogo alimtazama, akamwacha. Akamgusa bega dakika za mwisho tu, zile ambazo mtu akizipitisha anachelewa kweli.

Boksi alimpa mwenyewe, na Bosi akacheka.

Nyuma ya mlango kulikuwa na ukuta wa mistari ya penseli. Kila dozi ilikuwa na mstari wake, ili watu watatu waliochoka wasije wakampa mtoto mmoja dawa mara mbili. Mama Mdogo akachora mstari wa asubuhi, na pembeni yake akaweka nukta. Ungemwuliza ya nini, asingekuambia.

Saa tano Bosi akalala.

Ili mtu aelewe ukubwa wa jambo hili, ajue kwanza kwamba kwa miezi minane Bosi hakuwahi kulala zaidi ya nusu saa mfululizo. Alilia, akakakamaa, akalia tena. Waliokuwa naye walilala kwa zamu, usingizi wa kuku, jicho moja wazi. Mama Mdogo aliwahi kusinzia amesimama, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo. Aliwahi kuitumbukiza simu kwenye ndoo ya nguo badala ya sabuni. Siku moja alijikuta anamwimbia mto, na mtoto yuko chumba kingine. Dada na shemeji nao walikuwa wameacha kuongea kama mke na mume, wakawa wanaongea kama walinzi wanaopokezana lindo: kala, hajala, katapika, zamu yako. Na mwezi uliopita dada alisema neno moja baya mezani, kwamba akitoka kwenye mlango ule siku moja hatarudi, na hakuna aliyemjibu, maana wote watatu walikuwa wameshawahi kuliwaza.

Basi Bosi akalala. Mama Mdogo akaketi kwenye mkeka chini ya kitanda, kwa nia ya kupumzisha macho tu. Alipoyafungua ilikuwa karibu saa nane. Saa tatu nzima. Usingizi ulikuwa mtamu hadi ukamtia aibu, kama mtu aliyekula peke yake chakula cha wengi.

Jumapili walilala wote. Shemeji aliamka jua limeshapanda, akajinyoosha mlangoni, akaiona ile chupa kwenye rafu. Yeye ndiye aliyeinunua, duka jipya karibu na gereji, kwa sababu duka lao la siku zote lilikuwa limeishiwa. Akaipigia chupa saluti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na dada akacheka. Alicheka kwa sauti, mkono kifuani. Mchana alimweka mdogo wake kati ya magoti akamsuka nywele, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu mwaka juzi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikuwa na haraka. Alisema mtoto anakua, ubongo unatulia wenyewe, daktari aliwahi kudokeza. Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa, akaambiwa asitikise kichwa, nywele zinaharibika.

Jumatatu alisugua karatasi kwenye sikio la Bosi, na Bosi hakucheka.

Alisugua tena, sikio la pili. Macho ya mtoto yalifunguka nusu, yakamtafuta, yakakata tamaa.

Jumanne maziwa yalirudi kupitia mrija, mara mbili. Kumgeuza kulikuwa kama kugeuza gunia lililolowa. Jioni Mama Mdogo alijiandaa kusema. Alipanga maneno wakati anakunja nguo, akayapanga upya wakati anazirundika. Dada akaingia na habari zake. Sare za shule mia sita zinatakiwa Ijumaa, na msimamizi amewaambia wazi kwamba atakayeiacha mashine yake wiki hii atamkuta mtu mwingine juu yake. Na wote mle ndani walikumbuka kwamba wiki mbili nyuma Mama Mdogo alimkimbiza mtoto hospitali kwa kile alichodhani ni pumzi kukata, kumbe ni kwikwi. Dada alipoteza siku nzima ya kazi kwa kwikwi. Shemeji aliifanya kichekesho cha wiki. Kila mtu akishikwa na kwikwi, anauliza kama aite gari la wagonjwa.

Mama Mdogo akapeleka nguo kabatini. Maneno yake yakaenda nazo.

Jumatano, saa nane kasorobo mchana, alivuta dawa. Ikajikokota hadi kwenye nyekundu. Akaweka bomba kwenye sahani safi, akainama kumgeuza mtoto kabla ya kumpa, na akabaki ameinama.

Kifua cha Bosi kilipanda, kikashuka, kisha hakikupanda. Alisubiri. Kikapanda.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfundisha kuhesabu. Unaangalia saa ya ukutani, mshale mwembamba ukifika juu unaanza, kifua kikipanda ni moja, mshale ukirudi juu unaacha. Ishirini na kitu ni heri. Chini ya kumi na tano usisubiri mtu. Alihesabu kumi na mbili. Alidhani amekosea, kwa sababu macho yalirukaruka kutoka kwa saa kwenda kwa mtoto. Akahesabu tena, safari hii akiwa ameweka kiganja kifuani mwa Bosi ili kisimdanganye. Kumi na moja.

Akampigia dada. Simu iliita hadi ikanyamaza, kwa maana kiwandani simu zilifungiwa kwenye droo ya msimamizi mpaka saa kumi. Akampigia shemeji. Huyu alipokea kwa kelele za kompresa, akasema yuko chini ya lori, aseme haraka. Mama Mdogo akasema pumzi ya Bosi ni chache. Shemeji akauliza ni chache ya kweli au ni ya kwikwi. Akanyamaza. Shemeji akasikia kile kimya, akajuta kidogo, akapunguza sauti.

"Saa nane imefika, shemeji. Mpe dawa kwanza. Unakumbuka tulipoichelewesha?"

Alikumbuka. Nani angesahau? Ile mara moja walipochelewa kwa nusu saa, kifafa kilimshika Bosi dakika kumi na moja, na wiki nzima walilala sakafuni hospitali. Dawa ilikuwa ndiyo kamba pekee iliyomshikilia mtoto upande huu. Kutompa ilikuwa kuikata kwa mkono wake, mtu aliyetoka shule darasa la nne. Na kumpa?

Bomba lilikuwa kwenye sahani, limejaa hadi kwenye nyekundu. Mshale wa saa ulikuwa unatembea. Alilichukua bomba, akafungua kizibo cha mrija wa tumboni, akachomeka. Kidole gumba kilikaa juu ya kitako cha bomba. Kusukuma ilikuwa kazi ya pumzi moja. Kifua cha Bosi kilishuka, kikakaa chini muda ule mrefu.

Akachomoa.

Akafunga mrija, akageukia kikapu cha karatasi. Boksi la chupa mpya lilikuwa juu, limelowa mate pembeni, wino wa bluu umesambaa kidogo. Alilipeleka dirishani, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa mwisho. K. A. Ka. L, i. Li. Kali. Alipumua. Ma-ra. M-bi-li. Neno la nne lilikuwa limekunjwa na meno ya Bosi, akalinyoosha kwa ukucha. M-pe. La mwisho lilikuwa fupi, na lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili, mstari ambao hata asiyejua kusoma angeuona. Nu-su.

Siku zote hizo nne lilikuwa kitandani mwa mtoto, na lilimchukua chini ya dakika mbili kulisoma.

Hakulia, hakukuwa na nafasi. Alitia kwenye mfuko chupa, boksi, na lile bomba lenye dawa yake ndani, akamfunga Bosi kwa kanga kifuani, si mgongoni, ili auone uso wake, kiganja kikishika kisogo. Mlango aliurudishia tu. Njia ya kwenda gereji ilipita kwa wachomelea vyuma, kisha ukuta mrefu wa shule, kisha duka la vioo ambamo alijiona akipita vipandevipande, mwanamke aliyefunga kifuani mtoto mkubwa kama kichanga. Watoto wa shule walikuwa wanatoka. Mmoja akauliza kwa nini mtoto yule ana miguu mirefu na anabebwa, mwenzake akampiga kikumbo anyamaze. Mama Mdogo alikuwa anahesabu. Hakuwa na saa, kwa hiyo alihesabu kwa hatua zake: pumzi moja, hatua tisa. Pumzi moja, hatua kumi. Mara moja ilifika kumi na tatu, akasimama katikati ya barabara, akampuliza mtoto usoni. Bosi akavuta hewa. Akaendelea.

Shemeji alikuwa anakaza nati ya mwisho ya lori lililobeba magodoro. Aliona miguu ya Mama Mdogo kwanza, akaijua, akatoka chini kwa mgongo na utani mdomoni. Halafu akauona uso wa mwanawe na utani ukafa. Dereva wa lori hakuuliza nauli wala njia. Alisema tu, "Pandeni."

Ndani ya lori walibanana watatu na mtoto. Mama Mdogo akamkabidhi shemeji boksi bila neno. Shemeji alilisoma mara moja tu, haraka, yeye alikuwa na kidato cha pili. Mikono yake myeusi kwa mpira wa matairi ikaliacha na alama za vidole.

"Nilidhani yule wa duka la dawa ameandika jina la mgonjwa," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Simu iliita. Alikuwa ananieleza kitu, na simu ikaita, nikaitikia ndiyo, ndiyo." Dereva alipiga honi mpaka hospitali.

Pale mapokezi muuguzi aliangalia midomo ya Bosi, hakutaka cheti wala kadi. Walimpeleka ndani, wakamvisha kinyago cha hewa, wakambana kidole kwa kile kibanio chenye mwanga. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja. Alichukua chupa, akasoma, akachukua boksi, akasoma, kisha akachukua bomba, akaigusa ile alama nyekundu kwa ncha ya kidole, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa kila kitu na hana muda wa kukisema.

"Mmempa mara ngapi kutoka kwenye chupa hii?"

Shemeji akasema aliinunua Alhamisi. Daktari akasema hajauliza ilinunuliwa lini, ameuliza imetumika tangu lini. Shemeji akasema nadhani jana, au juzi, maana ya zamani ilikuwa bado na kidogo. Wakati huo dada akaingia mbio. Dereva wa lori, baada ya kuwashusha, alikuwa amekwenda kiwandani kumwita, Mungu ambariki. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake na vipande vya uzi vimemganda kwenye magoti. Daktari akamwuliza na yeye. Dada akasema mtoto amelegea tangu leo asubuhi, labda jana usiku.

"Nikidhani ni dozi tatu na kumbe ni ishirini, nitamtibu vibaya," daktari alisema, bila kupandisha sauti. "Nani anampa dawa?"

Wote wawili wakamgeukia Mama Mdogo.

Alijua jibu. Alilijua kama anavyojua njia ya chooni gizani. Lakini jibu lile lilikuwa na mkia, na ukilivuta, mkia nao unatoka.

"Kumi na tatu," alisema. "Hii ya saa nane sikumpa."

"Una uhakika?"

"Nilihesabu mistari ya ukutani. Tangu Jumamosi asubuhi. Niliweka nukta."

Daktari akamtazama sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, akaingia ndani, na pazia likafungwa.

Walikaa kwenye benchi la ukutani. Kwa muda kilichosikika ni ile mashine ya ndani, tii, tii, na kila ilipochelewa wote watatu waliinua vichwa. Halafu dada akaanza kwa sauti ya chini, ile inayouma kuliko ya juu. Alimwuliza mumewe ni mtu gani anaelezwa habari ya dawa ya mwanawe na kupokea simu ya tairi. Shemeji akasema yeye hakupaka rangi ya kucha kwenye mabomba. Dada akasema rangi ya kucha haikununua chupa. Shemeji akasema kama mtu angekuwa anasoma maboksi badala ya kuyafanya midoli. Dada akasema soma wewe, mwenye kidato. Muuguzi mmoja akapita, wakanyamaza wakamsalimia kwa heshima, akaenda, wakaendelea. Mama Mdogo alikaa katikati yao kama ukuta wa vyumba viwili.

Kisha dada akaacha. Akageuka polepole.

"Nukta ya nini?" aliuliza.

Mama Mdogo alifungua mdomo. Pazia likafunguka, daktari akawaita.

Pumzi zilikuwa kumi na saba. Kinyago kingebaki, dawa ingesimamishwa kwanza halafu irudishwe kwa kiasi chake, wangekaa siku mbili, tatu, akiangaliwa kifafa na mapafu. Mtoto atapona, daktari alisema. Mngempa ile ya saa nane mngekuja na habari nyingine. Alisema hivyo akimtazama Mama Mdogo, na shemeji, mtu mzima wa gereji, akajifuta macho kwa mkono mchafu akajipaka weusi usoni kama mtoto aliyecheza na mkaa. Akamwambia Mama Mdogo kwamba tangu leo hatamtania tena, wala kwikwi wala kifungo. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akasema angalau mpaka Ijumaa. Akatoka kwenda kumshukuru dereva.

Wakabaki wanawake wawili na kitanda. Jua la alasiri lilipitia dirishani likaangukia shuka. Mama Mdogo aliokota karatasi iliyofungia glovu za daktari, akaisugua karibu na sikio la Bosi, taratibu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili mguu mmoja, chini ya shuka, ulinyooka kidogo, kisha ukapumzika.

Dada aliliona. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua ule utepe shingoni, akawa anauviringisha kidoleni na kuukunjua.

"Nitasema ukweli wangu," alisema. "Mimi ndiye mama. Boksi nilipaswa kulisoma mimi. Ningekuwa mama mzuri ningejua Jumapili ile ile. Kumbe nimekusuka nywele, nafurahi, mwanangu anaondoka." Akamshika mdogo wake mkono. "Wewe umemrudisha. Sisi wote tulikuwa vipofu, wewe ukaona leo."

Mkono wa dada ulikuwa na matundu madogo ya sindano kwenye vidole, mengine mapya. Mama Mdogo aliuangalia. Ingetosha kunyamaza. Hilo alikuwa fundi wake. Angenyamaza, na angeitwa mwokozi wa Bosi mpaka uzeeni, na kila wakimwita hivyo angeiona ile nukta.

"Si leo, dada," alisema.

Dada akangoja.

"Nukta ni kwa sababu niliona. Jumamosi asubuhi. Dawa ilikuwa nzito, na kwenye boksi kulikuwa na kalamu. Ulikuwa umelala na kiatu mkononi. Nilisema nitakuuliza ukiamka. Halafu Bosi akalala, na mimi nikalala. Jumatatu hakucheka, nikajua. Jana nikajua. Nilikuwa naogopa nikisema, mtaninyang'anya ule usingizi."